Alama ya Kumi na Nne

2 Februari

Mwanangu,

Marahaba, maana ungekuwa hapa ungeniamkia. Mimi mzima. Goti la kulia linanung'unika, ila hilo lilianza kunung'unika kabla hujaota meno, tumeshazoeana. Wewe je? Unakula? Kifua kimeacha kubana? Lifti zako huko zinapanda na kushuka bila kumkwamisha mtu?

Nakuandikia na sikupigii, kwa sababu simu ukikasirika unaikata. Barua huwezi kuikata. Ukiichana, nakala ninayo.

Habari yenyewe ni hii, na tafadhali kaa chini. Nimejifunza kupiga mbizi. Sisemi kuogelea, kuogelea nilijua tangu usichana wangu. Nasema mbizi hasa, na mtungi wa hewa mgongoni, miwani usoni na mapezi miguuni kama bata. Nilianza Novemba. Sikukuambia kwa sababu nilijua utasema nini.

Unaukumbuka ule mchezo wa vikopo wa marehemu baba yako? Mtu anaficha kikopo mahali, anaweka mtandaoni namba za ramani na dokezo, wenzake wanakitafuta, wakikipata wanasaini ndani. Baba yako alificha kimoja tu maisha yake yote, tena alikificha kwenye bwawa lilelile alilosoma kipimo cha maji miaka ishirini na sita. Dokezo lake lilikuwa: "Kwenye ngazi ya mnara wa zamani, kumi na nne." Ni ule mnara wa kuvutia maji ambao siku hizi kichwa chake tu ndicho kinachotokeza. Wapiga mbizi wameshuka mita kumi na nne mara chungu nzima, miaka minne sasa, hakuna aliyekiona. Oktoba msimamizi wa mchezo kaniandikia mimi, mjane, kwamba kisipopatikana kufikia tarehe thelathini Aprili kitafutwa kwenye orodha, na penye jina la baba yako pataandikwa "Hakikuwahi kuwekwa."

Hakikuwahi! Na chini yake mmoja wao, mwenye kujiita Bingwa, kaongeza: "Mzee mwenyewe hata kuogelea hakujua. Angekifichaje chini ya maji? Alikuwa anatuchezea."

Nimeishi na yule mwanaume miaka thelathini na mbili. Kasoro zake nazijua, nimezifua na kuzipiga pasi kwa mikono yangu. Lakini mwongo hakuwa. Nitashuka mwenyewe, nitakipata, na watakisoma kwa macho yao. Usinijibu kwa hasira. Jibu ukishakula.

Mama yako

*

14 Februari

Mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta juu ya nchi kavu. Mimi sijambo, kifua kimepona. Nimekula kama ulivyoagiza, na hasira bado ninazo.

Mama, una miaka hamsini na nane. Wewe ni fundi cherehani. Kazi yangu mimi ni kukagua lifti, na kila siku nashika vyuma ambavyo wenyewe waliniapia havina shida. Najua kitu kinavyokatika bila kupiga hodi. Lifti ikikwama, kuna ngazi. Hewa yako ikiisha huko chini, utapanda ngazi gani?

Na yote haya kwa ajili ya nani? Mtaa mzima ulimwita Bwana Kesho, na hawakumsingizia. Nani alitoboa ukuta wa choo aweke dirisha, tukakaa na gunia miaka mitatu? Nani alichimba msingi wa banda la kuku, kuku wakazeeka wakingoja? Na baiskeli yangu, Mama. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Akaifungua yote uani, nati moja moja, akaniambia, "Kesho unaipanda." Siku naondoka nyumbani ilikuwa bado kwenye ndoo. Nilitembea kwenda shule miaka sita, na kila asubuhi nilipita mbele ya ile ndoo.

Sasa unaniambia mtu huyohuyo alimaliza kufunga kikopo kwenye mnara? Hakufunga. Alisema atafunga kesho. Hakuna kikopo, na unajua.

Nimempigia Shangazi aje akuzuie. Na kama kweli unapiga mbizi, nitumie cheti cha daktari. Sitaki maneno, nataka karatasi yenye muhuri.

Mwanao

*

25 Februari

Mwanangu mwenye mihuri,

Marahaba. Sisi huku hatujambo, hata goti limenyamaza kidogo, nadhani linaogopa maji. Cheti hicho humo ndani. Daktari alinipima masikio, mapafu na moyo, akasema moyo wangu ni wa mtu wa miaka arobaini. Nikamwambia huo wa miaka arobaini ndio ulionitesa kuliko yote.

Shangazi yako alikuja. Kafika na mkoba na uso wa kesi. Nikamwambia, "Wifi, kabla hujanizuia, njoo kwanza uone unachokizuia." Nikampeleka kwenye bwawa la kuogelea la shule tunakofanyia mazoezi. Sasa yeye ndiye mshika taulo na mshika saa, na anawafokea watu wanaopiga kelele nikiwa chini. Askari uliyemtuma amehamia upande wa adui. Pole sana.

Mwalimu wangu ni mama mmoja mstaafu wa zimamoto. Tunamwita Kamba, kwa sababu hana neno jingine. "Umeshika kamba? Usiachie kamba. Kamba iko wapi?" Nakutajia huyu ili ujue siendi kama kuku aliyekatwa kichwa.

Kuhusu baiskeli, sikubishii. Wala dirisha sikubishii, lile gunia nililishona mimi. Baba yako alipenda kuanza. Kuanza kulimpa raha, na kumaliza kulimpa usingizi. Kwa baiskeli ile nilimgombeza mpaka sauti ikanikauka, na yeye akawa ananitazama tu, "Kesho, mama watoto." Uliumia, na aliyekuumiza ni yeye. Hilo nalisema waziwazi wala siogopi kaburi lake.

Lakini sikiliza tofauti. Maisha yake yote alisema "nitafanya." Hakuwahi hata siku moja kusema "nimefanya" na kumbe hajafanya. Chunguza kumbukumbu zako zote, hutaipata siku hiyo. Na kuhusu kikopo, alikaa pale mezani, akinawa mikono, akaniambia, "Nimeweka." Bwana Kesho hasemi nimeweka.

Unaniambia "na unajua." Ninachojua ni kwamba sitakaa kwenye cherehani kupinda sketi za watu huku mume wangu anaitwa mwongo kwa maandishi. Hao wengine nitapambana nao. Wewe usiwasaidie.

Mama yako, ambaye hajaomba ruhusa

*

9 Machi

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima. Cheti nimekiona. Muhuri ni wa kweli, nimempigia daktari mwenyewe.

Sitabishana tena. Ila sitaki kuandikiwa habari za mnara, wala kikopo, wala yeye. Ukiumwa, niandikie. Ukihitaji kitu, niandikie. Ukipiga mbizi, usiniandikie.

Mwanao

*

27 Machi

Mwanangu,

Marahaba, kama bado unaniamkia. Umesema nikipiga mbizi nisikuandikie. Nimepiga mbizi, nakuandikia. Utanifanya nini?

Tumeshuka mara tatu, Jumamosi tatu mfululizo. Tunakwenda na mashua mpaka mnarani, Kamba anafunga kamba juu ya ngazi, tunateremka tumeishika. Mwanzoni maji ni kama chai ya rangi. Ukifika mita tano yamekuwa kahawa. Kumi, mkono wako mwenyewe unausikia tu, huuoni. Masikio yanabana, unajishika pua na kupuliza, yanafunguka, unaendelea. Saa yangu ya kina ina taa ndogo ya kijani. Ikisema kumi na nne, tunasimama na kupapasa.

Vidole vyangu unavijua. Sindano ikianguka kwenye zulia naipata nimefumba macho. Nimepapasa ngazi ile daraja kwa daraja, juu kidogo, chini kidogo, mbele, nyuma. Nimepata ukoga. Nimepata konokono. Nimepata soli ya kiatu cha mtu. Kikopo sikupata.

Mara ya tatu nililia. Nikupe siri: ukilia ndani ya miwani ya maji, machozi hayana pa kwenda. Yanakaa hapohapo kwenye pua yanakungoja umalize.

Nilipotoka, Bingwa alikuwa ukingoni amekalia ndoo yake ya samaki. Akaniuliza, mbele ya watu, "Mama, mzee umemkuta huko?" Wakacheka. Shangazi yako akamtupia taulo bichi, likampata usoni pwaa. Sikumkataza.

Nimebakiza mwezi mmoja na nitarudi tena. Lakini wewe ni mwanangu, kwako sijifanyi chuma. Naogopa. Maji siyaogopi hata kidogo. Naogopa usije ukawa na haki. Kwamba nimekaa miaka thelathini na mbili na mtu, nikazijua kasoro zake zote, kumbe moja ilinipita.

Mama yako

*

6 Aprili

Mama,

Shikamoo, Mama yangu. Pole. Pole sana. Vipi masikio, hayajauma tena? Goti?

Barua yako nimeisomea kwenye ngazi ya dharura ya hoteli moja wanayojenga, maana ndipo nilipokuwa. Nimeisoma mara mbili. Huyo Bingwa ana bahati niko mbali. Mimi nina haki ya kumsema baba yangu, nilitembea miaka sita kwa ajili ya haki hiyo. Yeye kaipata wapi?

Sijui nikuambie nini cha kukuliwaza, kwa hiyo nikuambie ya kazini. Leo nimegombana na wachoraji wa hoteli hii mpaka wakaitana. Wameniletea mchoro wa lifti, vipimo vyote wameanzia juu ya paa kushuka chini. Nikakataa kusaini. Nikawaambia, lifti hupimwa kutoka chini ya shimo kwenda juu. Paa linabadilika. Leo mnamwaga zege jingine, kesho mnaweka tangi, kesho kutwa tajiri anataka ghorofa ya ziada, na vipimo vyenu vyote vimekuwa uongo. Shimo halihami. Kila kitu kipimeni kutoka miguuni. Wakanitazama kama mhubiri wa stendi. Mwishowe wamerudia mchoro.

Mama, pumzika. Umejaribu kuliko mke yeyote ninayemjua. Acha wafute hicho kijimstari chao mtandaoni, sisi hakitupunguzii kitu. Na kama unafanya hivi ili mimi nimsamehe, sihitaji kikopo. Nahitaji muda tu.

Mwanao

*

13 Aprili

Mwanangu!

Marahaba, mzima, goti zima, kila kitu kizima. Nijibu swali moja: nani alikufundisha kupima kutoka miguuni?

Usijibu, nakujibu mimi. Nimeisoma barua yako nikiwa na suruali ya mtu kwenye cherehani, nikaishona mguu na mguu kwa mshtuko. Nimejipiga paji la uso mpaka Shangazi akauliza kama kuna mbu.

Miaka ishirini na sita yule mwanaume alirudi asubuhi na namba ya maji. "Leo ishirini na moja." "Leo ishirini na nusu." Nilimmiminia chai juu ya namba hizo kila siku ya Mungu. Zilihesabiwa kutoka wapi? Kutoka kwenye msingi wa mnara, mwanangu! Sifuri yao iko chini kabisa kwenye tope, na alama zinapanda kuja juu, kila alama mita moja. Uso wa maji mara upo huku, mara upo kule, mvua inaupandisha, jua linaushusha. Msoma kipimo hawezi kuhesabu kuanzia kitu kisichotulia. Angekuona mwehu. Kumi na nne yake si mita kumi na nne kwenda chini. Ni alama ya kumi na nne kutoka miguuni, na mimi mkewe nimeshuka mara tatu nikihesabu kutoka kichwani kama mgeni!

Leo maji yako alama ishirini na mbili na nusu. Toa kumi na nne. Inabaki nane na nusu. Mita nane na nusu tu kutoka juu! Tumekuwa tukikipita. Miaka minne watu wanakipita gizani wakikimbilia chini.

Tena kuogelea hakuhitaji. Mwaka ule wa ukame, wewe ulikuwa umeshaondoka, bwawa lilishuka mpaka alama za mnara zikaonekana ambazo hatujawahi kuziona. Baba yako alichukua kimashua cha kazini, akarudi na matope mpaka magotini. Ndiyo siku aliyonawa mikono akasema, "Nimeweka." Alikifunga pakavu. Mvua ndiyo iliyokificha.

Na walipokuwa wanaandika "hakipo, hakipo," alikuwa anacheka peke yake. Nikimuuliza, anasema, "Hawa hawajui kuhesabu. Kuna mmoja anajua." Mimi nilidhani anajisifu mwenyewe.

Tarehe ishirini na sita nashuka. Nakuarifu tu.

Mama yako

*

18 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nimetuma barua hii kwa njia ya haraka ili ikuwahi. Sijalala vizuri, lakini siumwi.

Nimekumbuka. Nilikuwa na miaka mitano au sita. Alinibeba mabegani asubuhi, akasimama kwenye ukingo pale unapouona mnara vizuri, akaniambia nimsomee kipimo. Mimi naanza na namba ya juu kwa sababu ndiyo niliyoiona kwanza. Ananitikisa mguu: "Tena. Kutoka miguuni." Naanza tena. Nikipatia, ananiacha niandike mwenyewe kwenye daftari la kazi. Mwandiko wangu wa kitoto umo kwenye madaftari ya bwawa mpaka leo, nadhani. Nimekagua lifti miaka tisa nikidhani kupima kutoka chini nilifundishwa chuoni.

Kuna jambo sikukuambia. Miaka minne iliyopita alinitumia ujumbe. Ulikuwa wa kwanza tangu tugombane siku ile naondoka nyumbani. Aliandika: "Nimekuwekea kitu mnarani. Njoo tuone kama bado unajua kuhesabu." Nikaona ananidharau. Hanijulii hali, hanitaki radhi, ananipa mtihani. Sikumjibu. Aliishi miaka miwili baada ya hapo, Mama, na sikumjibu. Msibani nilisimama nyuma kama jirani, nikaondoka jioni ileile.

Mimi ndiye huyo mmoja.

Sasa nisikilize mimi, maana hii ni kazi yangu. Soma kipimo asubuhi ileile ya tarehe ishirini na sita, sio cha jana yake. Wakifungulia maji hata kwa saa chache, hesabu imeharibika. Toa kumi na nne kwenye namba ya siku hiyo. Papasa nyuma ya ngazi, upande wa ukuta, maana fundi anayefunga kitu ili kidumu hakifungi upande unaogongwa na mashua.

Na usiachie kamba.

Mwanao

*

28 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Keti.

Kipimo cha asubuhi kilikuwa ishirini na mbili na robo. Ulikuwa na haki, usiku walifungulia maji. Nane na robo, basi. Tulishuka mimi na Kamba, maji bado ya rangi ya kahawa. Saa iliposema nane na robo nikasimama, nikapitisha mkono nyuma ya ngazi, upande wa ukuta. Ukoga, ukoga, ukoga. Halafu waya.

Ngoja nikueleze waya ule, kwa sababu mimi nimeshona maisha yangu yote na kazi iliyokamilika naijua kwa kidole. Ulizungushwa mara nne, ukakazwa, na ncha zake zikakunjwa kwa ndani ili zisimchome mtu mkono. Kwa ndani, mwanangu! Mtu aliyeacha dirisha na gunia miaka mitatu alikaa kwenye kimashua akakunja ncha za waya.

Ni bomba la plastiki, urefu wa mkono wangu, lina matundu ili maji yapite. Ndani mna kibao cha plastiki na penseli iliyofungwa kwa uzi. Kamba aliniwekea tochi nikasoma. Ameandika kwa msumari ili maandishi yasifutike: "Maji leo alama 13.20. Nimefunga kwenye alama 14. Kazi imekwisha."

Imekwisha. Nilisoma neno hilo mara tatu. Sijawahi kuliona kwa mwandiko wake.

Na ndani ya bomba mlikuwa na kitu kingine. Kengele ya baiskeli. Ni yako, ile nyota uliyoichora kwa wembe ukachapwa bado ipo. Mimi nilijua imo kwenye ndoo na vipande vingine, sikuwahi hata kuitafuta. Ameisugua, ameipaka grisi, na mkono wake unarudi. Nikaipiga hukohuko chini. Ilitoa sauti ya mtu mwenye mafua, lakini ililia, na Kamba akageuka kuangalia nani anapita. Nililia tena, na safari hii sikuona aibu.

Sasa sikia nilichofanya. Chini ya maneno yake kuna mistari yenye namba ya watu kusaini. Kwa sheria yao, mstari wa kwanza ni wa aliyekipata kwanza, yaani mimi. Penseli nilikuwa nayo mkononi. Nikasaini wa pili. Wa kwanza nimeuacha mtupu. Kwa kawaida mtu anaacha kitu kidogo ndani, nikaacha kastabini yangu ya kushonea. Kamba akapiga picha, tukapanda.

Ukingoni Shangazi yako alimpa Bingwa ile picha, akamwomba aisome kwa sauti, kwa sababu eti yeye miwani ameisahau. Miwani ilikuwa kichwani pake. Bingwa akasoma yote mpaka "imekwisha," kisha akaniambia, "Nisamehe, Mama." Nikamwambia aandike hivyo palepale alipoandikia mwanzo. Ameandika.

Msimamizi amekiacha kikopo kwenye orodha, ila ananisumbua. Anasema mtambo wake haupokei sahihi ya pili bila ya kwanza, eti nishuke tena nisahihishe. Nimemjibu mtambo wake ujifunze kusubiri. Na hawa wapiga mbizi wote sasa wamejua kilipo, kila wikiendi watashuka. Nimewatangazia: wasaini kuanzia wa tatu. Atakayegusa mstari wa kwanza atanitambua mimi ni nani.

Kengele nimeifunga palepale. Sikuletei, wala situmi kwa posta. Aliiweka pale uifuate, ifuate.

Mama yako

*

1 Juni

Mwanangu,

Sisi wazima. Huu ni mwezi na zaidi, hujaandika. Sikulazimishi. Mimi nina kazi zangu, kuna sare za shule za kushona na kila Jumamosi naenda kuangalia mstari wangu. Hakuna aliyeugusa. Msimamizi amenipa mpaka mwisho wa Agosti, akasema nina kichwa kigumu. Nimemwambia angemwona mwanangu.

Nikikaa kimya ujue sikungoji. Nakaa tu karibu na mlango kwa sababu ndipo penye mwanga wa kushonea.

Mama yako

*

17 Juni

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, ila masikio yamejaa maji na macho mekundu kama ya mlevi.

Sikunyamaza kwa hasira. Mimi sijui kuogelea. Sijawahi kujua, kama yeye. Ningekuandikia Mei ningekuambia "nitajifunza, nitakuja," na barua hiyo ningeiandika kwa mwandiko wa Bwana Kesho. Nikaapa sikuandikii mpaka niweze kusema nimefanya.

Nimefanya. Jana nimevuka bwawa la kuogelea la hapa, upande hadi upande, bila kushika ukuta. Kwenye darasa langu mimi ndiye mwenye ndevu peke yangu, wengine wote wanaletwa na mama zao. Baada ya hapo nikaenda kwa daktari wa mbizi. Cheti kimo ndani, kina muhuri. Mpigie ukitaka.

Likizo nimepewa. Nafika tarehe mbili Agosti. Mwambie Kamba anihesabu darasani, na mwambie msimamizi kwamba mstari wa kwanza una mwenyewe. Siku ya kushuka, kipimo nitakisoma mimi, na hesabu nitaitoa mimi. Wewe utashika kamba.

Ile ndoo iliyoko uani usiisogeze. Nikitoka majini nitakuwa na kengele mkononi, na nitahitaji baiskeli ya kuifunga.

Mwanao